Kompyuta ya Mlango wa Friji

Barua ilikuwa fupi, na barua fupi za ofisini hazijawahi kuleta heri. Ilisema kwamba kuanzia tarehe mosi, wachapaji wote sita wanaofanyia kazi majumbani wawe wamehamia toleo jipya la mfumo wa kompyuta. Lile la zamani halitalindwa tena dhidi ya wadukuzi, na kumbukumbu za mahakama si nguo za kuanikwa njiani. Kuhama ni bure kwa kila mwenye leseni halali. Ofisi yenyewe ndiyo ingewaombea wote kwa pamoja kwa kampuni yenye mfumo. Atakayekataliwa atarudisha vipokea sauti na kanyagio la kusimamishia sauti, na kesi zake atapewa mwingine.

Mama Nukta aliisoma mara moja, akaikunja, akarudi kwa shahidi wake wa tatu aliyekuwa akingoja masikioni. Jina hilo walimpa wachapaji wenzake, kwa kuwa hajawahi kusahau nukta. Kazi yake ni kusikiliza kesi zilizorekodiwa na kuziandika neno kwa neno, hata yale ambayo shahidi angetamani asingeyasema. Kwa miaka kumi na mmoja hakuna hakimu aliyemrudishia ukurasa. Hajisifu, lakini jaribu kumuuliza uone kama hatakutajia na mwezi alioanza.

Barua haikumtia wasiwasi, maana leseni alikuwa nayo. Alipokuwa akiiunda kompyuta yake, kipande leo, kipande baada ya miezi miwili, mtaa mzima ulikuwa ukitumia mifumo ya kunakili, ile unayopewa na fundi kama nyongeza. Yeye alikwenda dukani akanunua wake ndani ya boksi, na karatasi yenye herufi na tarakimu ishirini na tano. Alichekwa mpaka basi. Shemeji yake mmoja alimwambia kununua mfumo ni kama kununua hewa. Akamjibu kwamba hawezi kuandika kesi za wizi kwenye kitu cha wizi. Karatasi ile aliihifadhi kwenye bahasha moja na cheti cha ndoa.

Siku ya Jumatatu akaitwa ofisini.

Mkuu wa mitambo, kijana ambaye wachapaji walimwita Bwana Mifumo, hakumwita pembeni. Alisimama katikati ya chumba, wachapaji wenzake watano wamekaa, tarishi anagawa chai, akasoma majibu ya kampuni. Watano wamekubaliwa. Mmoja amekataliwa. Hata kabla hajainua macho kutoka kwenye karatasi, watu walikuwa wameshaanza kuangaliana.

Kisha akamgeukia. "Mama, leseni yako si yako. Namba iliyo kwenye daftari letu ni ya kompyuta ya kiwandani iliyokwisha kufa, na leseni ya kiwandani huzikwa na mashine yake. Kwa lugha nyepesi, unatumia mfumo wa wizi."

Mama Nukta alikiweka chini kikombe chake cha chai. Mtu aliyechekwa kwa kununua anaitwa mwizi, tena mbele ya watu! Maneno yalimjaa kinywani, lakini hayakutoka, maana aliijua namba ile ilikotoka. Ilitoka nyumbani kwake.

Mambo yalikuwa hivi. Kasha la kompyuta yake halikununuliwa. Lilitengenezwa na mumewe, Fundi Bati, ambaye kazi yake ni masanduku, mifereji na faneli, kutokana na mlango wa friji iliyokufa. Alilikata, akalikunja, akalipiga ribiti, akatoboa matundu ya kupitisha hewa yaliyopangika utadhani yamepimwa na mashine. Huwezi kulipata kasha kama lile dukani. Miaka miwili nyuma ofisi iliwaagiza wachapaji walete kompyuta zao ziandikishwe. Mama Nukta alipoiweka yake mezani, nyeupe pee kati ya nyeusi tano, mmoja akauliza kama ndani mna maji baridi. Ukumbi ulikufa kwa kicheko. Uandikishaji ukaahirishwa hadi kesho yake kwa sababu nyingine kabisa, naye akarudi nyumbani bila kusema neno. Lakini kuna wake wanaoweza kunyamaza na waume wasiojua kusoma kimya, na Fundi Bati hakuwa mmoja wa hao.

Asubuhi yake, kabla mkewe hajaamka, alikwenda kwa muuza vyuma chakavu akaokota beji ya kiwanda kutoka kwenye kompyuta mfu, pamoja na kile kibandiko chenye namba kilichokuwa ubavuni mwake. Akavigandisha vyote viwili usoni mwa kasha kwa gundi ya kazi yake. Mkewe alipoiona beji inang'aa alijua ni uongo, lakini moyo ukamtulia. Kule ofisini karani alinakili alichokiona: jina la beji, namba ya kibandiko. Hakuna aliyecheka tena. Kwa miaka miwili uongo huo ulikaa pale umetulia, wala haukumdhuru mtu.

"Naomba muda," ndicho alichoweza kusema.

Bwana Mifumo akampa hadi Alhamisi saa sita. Pengine alidhani anamsaidia alipoongeza kwamba mama atafute nyingine ya kiwandani, hata iliyotumika. Na asije, akasema, na hadithi kwamba ni ya kuundwa nyumbani. "Hizo hazimo kabisa. Bure ni kwa kompyuta ambazo baba yao anajulikana."

Wengine walicheka kidogo, kwa adabu. Mama Nukta akachukua mkoba wake.

*

Fundi Bati alikuwa kibarazani akipiga ukingo wa faneli. Mkewe alipomaliza kumweleza, aliendelea kupiga nyundo kama mara kumi hivi, kisha akagundua ukingo umepita kipimo. Akaiweka chini. Miaka ishirini na tatu ya ndoa, na mkewe hakuwa amewahi kumwona akiharibu faneli.

Akasema kosa ni lake, na atalirekebisha kwa mkono ule ule. Kwa muuza vyuma chakavu kulikuwa na kompyuta nyingine, ya kiwanda kile kile, iliyovunjika kioo tu. Kibandiko chake hakijafa. Angekitoa kwa mvuke wa maji moto, wakibandue cha zamani, waseme karani alikosea kunakili namba. Nani angebisha? Makarani hukosea kila siku.

Tusimtukuze Mama Nukta bure; aliipima ile rai. Aliiona Alhamisi inavyopita salama, aliwaona wenzake wanaomba radhi, akajiona amekaa tena mbele ya kioo chake, kanyagio mguuni. Ilikuwa njia fupi na tamu.

Mama mkwe wake alikuwa mlangoni akichambua mchele. Yeye hakujua leseni ni nini wala hakutaka kujua, na kompyuta aliiita "ile friji ya mkwe wangu" kwa mapenzi yote. Lakini masikio yalikuwa mazima. Akamuuliza mwanawe swali moja: ikiwa uongo wa kwanza umewafikisha hapa, huo wa pili unawapeleka wapi?

"Mama, wewe huyajui mambo haya," Fundi Bati akasema.

"Siyajui. Ila mficha uchi hazai, hilo nalijua, na wewe usingekuwapo kama ningekuwa sijui."

Mama Nukta alicheka, kicheko cha kwanza tangu asubuhi. Kisha akasimama. Hakuwa na uhakika wa jambo lolote isipokuwa moja: Bwana Mifumo alisema kompyuta za kuundwa nyumbani hazimo, lakini alilisema kwa haraka. Miaka kumi na mmoja ya kusikiliza mawakili ilikuwa imemfundisha kwamba mtu anayeijua sheria hutaja kifungu. Anayeibahatisha ndiye husema "kabisa".

*

Masharti ya kampuni yalikuwa kurasa thelathini na nane. Wewe na mimi huyateremsha hadi mwisho, tukagusa "nakubali", tukaendelea na maisha yetu. Bila shaka hata Bwana Mifumo alifanya hivyo. Mama Nukta aliyafungua Jumanne asubuhi, akavaa miwani, akayachukua jinsi anavyochukua ushahidi: sentensi moja, asimame, aiandike upya kwa mkono wake, ndipo aende ya pili. Anaamini kwamba jambo usiloliandika hujalisikia.

Ukurasa wa tisa ulimkatisha tamaa. Ulisema leseni iliyokuja na mashine ya kiwandani haihami, na mashine ikifa nayo imekufa. Kumbe kijana alikuwa sahihi kwa hilo. Ukurasa wa kumi na saba ulizungumzia shule, wa ishirini mabenki. Mumewe alimletea chai akaikuta ile ya kwanza imepoa pale pale. Jumatano kabla ya adhuhuri, ukurasa wa thelathini na moja, mstari ulioandikwa kwa herufi ndogo kuliko mingine, kalamu yake ilisimama.

Akasoma tena kimoyomoyo, kisha kwa sauti: kompyuta iliyoundwa na mtumiaji mwenyewe inastahili kuhamia toleo jipya bila malipo, mradi leseni yake ilinunuliwa peke yake na haikuja na mashine nyingine.

Alikwenda kabatini, akaitoa bahasha ya cheti cha ndoa. Karatasi ya boksi ilikuwamo, safi kama siku aliyoinunua. Ndiyo leseni iliyokuwa ikiendesha kompyuta siku zote. Kibandiko cha kule mbele hakikuwahi kuendesha chochote. Kilikaa tu kama mgeni anayekula kwa jina la mwenyeji. Kama wangelipeleka kasha lile ofisini likiwa uchi, jeupe, na vicheko vyake vyote, leo lingekubaliwa pamoja na yale matano.

Hapo ndipo hasira ilipomjia, hasira ya kujikasirikia yeye mwenyewe. Miaka miwili alikuwa ameona aibu kwa kitu cha haki, akakivika cha kuokota. Alimwonyesha mumewe ule mstari. Fundi Bati husoma polepole, kidole juu ya maneno. Alipofika mwisho alirudia mwanzo.

"Kwa hiyo lazima tuwaambie beji ni ya uongo," akasema. "Mbele ya wote."

"Mbele ya wote. Nitasema mimi."

"Wewe hukuibandika." Akafuta mikono kwenye aproni ingawa ilikuwa mikavu. "Kesho nakuja nawe."

*

Alhamisi Fundi Bati aliibeba kompyuta begani, imefunikwa shuka, mkewe nyuma na mkoba wenye bahasha. Alivaa shati lake la harusi za watu. Walipoingia, wachapaji wote walikuwapo, maana siku ya mtu kufukuzwa hakuna anayechelewa. Bwana Mifumo akauliza kwa upole kama ile ni kompyuta mpya.

Fundi Bati aliiweka mezani, akaondoa shuka, akatoa tindo ndogo mfukoni. Kabla mtu hajaelewa, aliipitisha chini ya beji, akagonga mara moja kwa kiganja. Beji ikaruka. Akagonga tena, kibandiko kikatoka na gundi yake. Akaviweka vyote viwili mbele ya Bwana Mifumo.

"Hivi niliviokota kwenye vyuma chakavu, nikavibandika mimi," akasema. "Mke wangu mlimcheka hapa, nami nikaona haya kwa ajili ya kazi yangu mwenyewe. Hiyo ndiyo aibu yangu. Ya wizi sina, na yeye hana. Kasha hili nimelikunja mimi kwa mlango wa friji. Vilivyomo ndani amevipanga yeye, skrubu kwa skrubu. Atakayetaka kucheka acheke sasa, nipo."

Hakuna aliyecheka. Yule wa maji baridi alikuwa amepata ghafla kitu muhimu cha kusoma. Mama Nukta alimtazama mumewe, shingo imemsimama, jasho kwenye kola ya lile shati, akajivuna naye waziwazi kama msichana aliyechumbiwa jana.

Kisha akafungua mkoba, akatoa ukurasa aliouchapa na karatasi ya boksi, akaviweka kando ya ile beji. Akamwambia Bwana Mifumo kwamba kifungu kipo ukurasa wa thelathini na moja, na kama ana shaka aipigie kampuni simu sasa hivi, sauti isikike na wote. Alisema kwa utulivu wa karani anayesoma hukumu isiyomhusu.

Kijana aliusoma ule ukurasa. Ni haki kusema kwamba hakubisha. Akapiga simu, akabonyeza sauti kubwa, na baada ya muziki mrefu wa kungoja akaitikia mwanamke. Bwana Mifumo alieleza. Mwanamke akaomba namba, na Mama Nukta akazitaja zote ishirini na tano bila kuitazama karatasi. Ikasikika sauti ya vibonye.

"Kuna sehemu yoyote iliyobadilishwa tangu iundwe?"

Mama Nukta na mumewe wakatazamana. Ilikuwapo, nayo hawakuwa wameifikiria. Mwaka jana umeme ulipiga, ukaunguza ubao mkuu, ule unaoshikilia vitu vingine vyote, naye akauweka mwingine. Angeweza kusema hakuna. Mwanamke yule yuko mbali, na kasha limefungwa.

"Ubao mkuu," akasema. "Mwaka jana. Niliubadilisha mwenyewe."

"Ubao mkuu ukibadilika, kwetu sisi hiyo ni kompyuta nyingine."

Fundi Bati akafumba macho. Vibonye vikasikika tena, vingi, na mtu fulani kule nyuma akasogeza kiti. Mama Nukta alishika ukingo wa meza. Alikuwa amekwisha kuwaza jinsi atakavyovikunja vipokea sauti, waya usije ukakatika, ili hata atakayemrithi avikute vizuri.

"Ingekuwa leseni ya kiwandani tungeishia hapo," mwanamke akaendelea. "Lakini hii ilinunuliwa peke yake. Inamfuata mwenyewe, si ubao. Kompyuta yenu inastahili. Mnaweza kuanza sasa."

Simu ikakatwa. Mchapaji mmoja alipiga makofi mawili, akaacha. Bwana Mifumo akawa anavuta waya wa umeme ili wawashe, lakini Mama Nukta akaweka mkono juu ya kasha.

"Mwanangu, lile neno la Jumatatu ulilisema mbele ya watu," akasema. "Liondoe mbele ya watu."

Kijana alikuwa na cheo, na umri ambao mwana wa kwanza wa Mama Nukta angekuwa nao kama angejaaliwa mapema. Akageuka, akawatazama wachapaji mmoja mmoja, akasema kwamba Jumatatu alimwita mama huyu mwizi na kwamba alikosea. Na kompyuta za kuundwa nyumbani zimo, ila yeye hakuwa amesoma. Alilisema vizuri, bila kutafuna maneno. Mama Nukta akaitikia kwa kichwa, akaondoa mkono.

Kuhama kulichukua saa moja na dakika kumi. Fundi Bati alisimama muda wote kama mtu aliye nje ya chumba cha kujifungulia. Mtu akampa kiti, hakukiona. Matundu aliyoyatoboa yakawa yanatoa hewa ya moto, sawasawa, na mchapaji mmoja akaja kuyagusa kwa kidole, akauliza yalitobolewa na mashine gani. Fundi akamwonyesha mkono.

Mwishowe kioo kikawaka na sura mpya. Bwana Mifumo akafungua ukurasa wa maelezo ya mashine ili asahihishe daftari. Kasi ilionekana, memori ilionekana. Kwenye mstari wa mtengenezaji, mahali ambapo zile tano zilikuwa na majina yanayojulikana duniani, pameandikwa tu kwamba pajazwe na mtengenezaji.

"Hapa pako wazi," akasema. "Daftari halikubali pawe wazi. Niandike nani?"

Fundi Bati akasema haraka aandikwe mkewe, maana yeye alikunja bati tu. Mkewe akamwambia anyamaze. Akavuta kiti, akakaa, mikono juu ya mapaja. Vidole vilimwasha, miaka kumi na mmoja viliandika ya mahakimu na wevi na mashahidi, hata siku moja havikuandika lake. Lakini hakuigusa kibodi.

"Andika wewe, mwanangu, mimi nitasema," akasema. "Imeundwa nyumbani, na mchapaji na mume wake. Kasha kazi ya mume, fundi bati. Kila kitu cha halali."

Kijana akachapa. Alipomaliza akanyoosha mkono ili ahifadhi.

"Ngoja kwanza," Mama Nukta akasema. "Nisomee."

Akamsomea, na chumba kizima kikasikiliza.